Kisanduku kisicho na jina: miaka miwili jukwaani na DI ya mkono wa pili

Jina la kiwanda kilichounda kisanduku changu cha DI, kile cha kupeleka sauti ya besi moja kwa moja kwenye miksa (mashine ya kuchanganyia sauti za bendi), siwezi kuwatajia kwa sababu halipo tena. Aliyekuwa nacho kabla yangu alikibeba mpaka rangi ikabanduka na maandishi yote yakafutika. Yamebaki matundu matatu, swichi mbili na kovu la kuangushwa kwenye kona moja. Ni chuma kitupu, kinaenea kiganjani, na uzito wake ni kama mkasi wangu mkubwa wa kukatia.

Mkasi nautaja kwa sababu mimi ni fundi cherehani. Besi napiga mwisho wa juma: harusi, sherehe za ofisi, na mara chache ukumbi ambao watu wamekuja kwa ajili ya muziki wenyewe. Bendi yetu ina watu watano na haina fundi mitambo. Tunamkuta aliyekodiwa na mwenye shughuli, leo mzoefu, kesho kijana aliyeachiwa miksa na mjomba wake asubuhi ileile. Hapo ndipo hadithi ya kisanduku inapoanzia.

Kwenye harusi moja fundi alinipa DI yake, moja ya zile zinazotumia betri. Nyimbo mbili za mwanzo mambo safi. Wa tatu, katikati ya kiitikio, besi ikaanza kukoroma kama mtu aliyelala chali, kisha ikanyauka, kisha ikakata kabisa. Mimi nyuma najisikia vizuri kwenye amplifaya yangu, nafumba macho kwa raha zangu. Mpiga ngoma ndiye aliyenirushia kijiti mgongoni. Kwa wageni waliokuwa ukumbini, bendi ilipiga karibu robo saa bila besi, mpaka ilipopatikana betri ya volti 9; ya kwanza ilitolewa kwenye saa ya ukutani ya nani sijui, haikufaa, ikatafutwa nyingine. Wiki iliyofuata nilianza kutafuta kisanduku changu mwenyewe, na sharti lilikuwa moja: kisiwe na betri.

Kwa ambaye ndiyo kwanza ananunua besi, niseme kazi ya kitu hiki. Sauti inayotoka kwenye gitaa la besi lisilo na betri ni nyonge, haipendi safari. Waya wa kawaida wa jeki ukizidi mita 6 hivi, makali ya juu yanaanza kupotea, na waya wenyewe unakuwa antena ya kila taa na chaja iliyo karibu. Miksa kwa kawaida iko mbali zaidi ya hapo. Ndani ya kisanduku mna transfoma, yaani koili mbili zilizozungushwa kwenye chuma. Besi inaingia upande mmoja, na upande wa pili sauti inatoka kwa waya wa pini tatu, kama wa maiki. Pini mbili kati ya hizo zinabeba sauti ileile, moja ikiwa kinyume cha mwenzake. Kelele ikiingia njiani inaingia sawasawa kwenye nyaya zote mbili, na miksa inapotoa moja kwenye nyingine kelele zinajifuta zenyewe. Hapo mita 50 si kitu. Tundu la tatu linarudisha sauti kwenye amplifaya yako, ili na wewe ujisikie.

Ziko za umeme na zisizo za umeme. Za umeme zinakula betri au volti 48 zinazotoka kwenye miksa kupitia waya uleule wa maiki. Hii yangu haili chochote. Fundi akisahau kuwasha hizo volti 48 sawa, akiziwasha pia sawa, transfoma haijali.

Muuzaji alikuwa mpiga gitaa aliyeacha muziki. Nilikwenda na besi yangu, waya mbili na bisibisi, na niliomba ruhusa ya kufungua skrubu nne kabla hatujazungumza bei. Wengi huona aibu kufanya hivyo. Mimi mteja akiniletea gauni la kurekebisha naligeuza ndani nje kwanza, sasa kwa nini chuma nikionee haya? Ndani transfoma ilikuwa imefunikwa kikombe chake cha chuma, dalili nzuri, maana kikombe hicho ndicho kinachozuia mvumo wa vyombo vya jirani. Lehemu zote zilikuwa laini na zinang'aa isipokuwa moja, kwenye jeki ya kuingizia. Hiyo ilikuwa imepauka, ina ufa mwembamba kama unywele. Nikachomeka besi, nikaitikisa jeki kidogo, ikakwaruza. Muuzaji akashtuka kuliko mimi. Alipunguza bei bila kuombwa, na jioni hiyohiyo nikaichoma upya ile lehemu kwa dakika mbili. Haijakwaruza tena. Ukitaka kununua cha mkono wa pili, jeki ndiyo ya kushuku kwanza. Transfoma yenyewe haina cha kuchakaa, labda iwe imeangushwa vibaya sana.

Sauti sasa. Kwenye besi yangu ya zamani, isiyo na betri, kisanduku kinakula kidogo ule mlio wa juu kabisa, ule wa ukucha unapogusa uzi. Sababu inajulikana: visanduku vya namna hii vingi vina ukinzani wa kiloomu 140 hivi pale gitaa linapoingilia, wakati vya umeme hufika megaomu 1 na kuendelea, na besi isiyo na betri inapenda mlango mpana. Anayepiga kwa kupiga makofi nyuzi kwa dole gumba ataukosa ule mng'ao, naye anunue cha umeme na abebe betri za akiba. Mwenye besi ya betri hataona tofauti. Mimi natumia nyuzi bapa, zile laini zisizo na migongo, kwa hiyo nilichopoteza sikuwa nacho. James Jamerson, aliyepiga besi kwenye santuri nyingi za kampuni ya Motown kule Detroit, Marekani, miaka ya 1960, alirekodiwa sana kwa njia hii ya moja kwa moja, tena kwa nyuzi bapa alizokuwa hataki kuzibadilisha. Sisemi nasikika kama yeye. Nasema njia ni ileile.

Kazi yake nzuri zaidi nilikuja kuiona miezi kama minne baadaye. Tulipanga vyombo, mpiga kinanda akawasha, mimi nikawasha, na ukumbi mzima ukavuma *mmmmm*, mvumo mzito wa umeme, wa kuwasumbua hata wapangaji wa viti. Amplifaya yangu ilikuwa kwenye soketi ya jukwaani, miksa kwenye soketi ya mlangoni, na waya wangu ukawa umeziunganisha ardhi mbili, yaani nyaya za usalama za soketi zote mbili, na kufanya duara. Swichi ya pili ya kisanduku kazi yake ni kulikata duara hilo kwenye waya wa sauti. Imezama ndani, kidole hakiingii. Nilitumia ncha ya kijiti cha ngoma. *Tik*, kimya. Fundi akainua kichwa kutoka kwenye miksa akiwa hajui ni nini alichokifanya.

Hapa niseme neno la ukali kidogo. Nimewaona wapiga besi wanaotibu mvumo kwa kung'oa pini ya ardhi kwenye plagi ya amplifaya. Pini hiyo iko pale ili kitu kikiharibika ndani umeme upite huko na si kwenye mkono wako ulioshika nyuzi huku mdomo uko kwenye maiki. Kata ardhi ya waya wa sauti kwa swichi. Ya ukutani usiiguse, hata bendi nzima ikuzomee. Na usithubutu kuchomeka tundu la spika la amplifaya kwenye kisanduku cha kawaida. Umeme wa kusukuma spika ni mwingine kabisa, utakichoma.

Kasoro zipo. Kwanza kinashusha sauti, desibeli 20 hivi, mpaka kiwango cha maiki. Ndivyo kilivyoundwa, lakini fundi asiyezoea atasema kibovu. Siku hizi namwahi: "Ndugu, nifungulie kama unavyofungulia maiki." Pili, maandishi yakiwa yamefutika, gizani sijui tundu la kuingia ni lipi na la kutokea ni lipi. Nimepaka tone la rangi ya kucha nyekundu kwenye la kuingia, mke wangu ameniruhusu. Tatu, hakina vitufe vya kurekebisha sauti. Visanduku vyenye vitufe vipo, na vingine vinaiga hata mngurumo wa amplifaya za taa, zile za zamani zenye mirija ya kioo ndani. Ukipiga nyimbo za mitindo kumi kwa usiku mmoja vinasaidia. Ila nimeona pia mtu aliyepoteza muda wote wa majaribio ya sauti akizungusha vitufe sita huku mwenye ukumbi anatazama saa.

La nne si kasoro yake ila litakukuta: waya wa pini tatu ukumbini ni wa kugombaniwa na waimbaji. Beba wako. Wangu ni wa mita 10, umefungwa kitambaa chekundu kila mwisho, na kisanduku nimekishonea mfuko kwa vipande vya jinzi vilivyobaki, una kijifuko cha pembeni cha waya mfupi wa jeki. Mfuko ukirudi mtupu najua kabla hatujapakia gari.

Kitu kimoja nilikitegemea kikashindikana, nacho nakieleza ili mtu asinunue kwa sababu isiyo yake. Tulikuwa tukilalamikiwa kwamba chini kuna tope, besi inasikika kama ngurumo isiyo na noti. Nilidhani kisanduku kitasafisha. Hakikusafisha. Kilichofanya ni kuniwezesha, kwa mara ya kwanza, kutoka na waya mrefu mpaka katikati ya ukumbi wakati wa majaribio na kusikia wanachosikia watu. Uzi mnene kabisa wa besi ukipigwa bila kubonyezwa unatoa hertzi 41, na wimbi moja la sauti hiyo lina urefu wa zaidi ya mita 8. Ukisimama hatua moja mbele ya amplifaya unapata picha ya uongo. Unahisi huna besi, unaongeza, na nyuma ya ukumbi, hasa kwenye kona, inarundikana. Nilipokuwa kule katikati nilisikia besi mbili. Moja yangu. Nyingine mkono wa kushoto wa mpiga kinanda, ukikanyaga noti zilezile kwa kuchelewa kidogo.

Mazungumzo yaliyofuata sitayaandika yote. Alisema amejifunza hivyo kanisani, ambako hakukuwa na mpiga besi. Tukakubaliana kwamba besi ikiwepo mkono huo upande juu au utulie. Wiki moja alinuna, ya pili tope likaisha, na mwimbaji wetu akauliza kama tumenunua spika mpya.

Tangu hapo amplifaya yangu kubwa ya spika nne imebaki nyumbani, mpwa wangu ameifanya meza ya vitabu. Naenda na ndogo ya kubebwa kwa mkono mmoja, naiweka juu ya kiti nyuma yangu, usawa wa sikio, nikiisikia mimi na mpiga ngoma inatosha. Ukumbini besi inakwenda kwa spika za fundi, kupitia kisanduku. Mgongo wangu umepona kuliko muziki wenyewe ulivyopona.

Jumamosi iliyopita kijana wa miksa aliniuliza, "Shikamoo mzee, besi inatoka kabla ya amplifaya au baada?" Nikamwambia marahaba, kabla, kwa hiyo nikichezea vitufe vyangu huku nyuma kwako hakibadiliki kitu. Alishusha pumzi kama niliyemlipia deni. Hilo ni jambo dogo ambalo wapiga besi hatulijali: ukichukua sauti baada ya vitufe vya amplifaya, kila unapojiongezea uzito jukwaani unauongeza na ukumbini, na fundi anabaki kukufukuza usiku kucha.

Kwa anayepiga chumbani tu, hana haja nacho. Kwa ambaye bendi yake imeanza kuitwa na anafikiria kununua amplifaya kubwa zaidi, atafute kwanza kisanduku kama hiki, hata kiwe kimefutika jina, ilmradi akifungue na kuitikisa jeki. Nyota ningekipa nne. Ya tano imezama kule ndani pamoja na ile swichi.

Mpiga kinanda naye ameona, sasa anataka viwili, cha kushoto na cha kulia. Mfuko nimeshamkatia. Nimemshauri anunue kimoja tu, cha mkono wa kulia.