Kutafuta majina ya waliokalia Baraza la Jiji la Nairobi: Gazeti Rasmi la Kenya linasaidia kiasi gani?

Kwa anayetaka kujua nani aliketi City Hall, makao ya serikali ya jiji, na lini, Gazeti Rasmi la Serikali ndicho chombo cha kuanzia. Hutoka kila Ijumaa, na matoleo maalumu hutoka siku yoyote. Nakala zake zinasomwa bure kwenye tovuti ya Kenya Law.

Kuanzia 2013, bunge la kaunti liliposhika nafasi ya baraza, kazi ni nyepesi. Nairobi ina wadi 85, yaani 5 katika kila moja ya maeneobunge 17. Fungua matoleo maalumu ya baada ya uchaguzi wa 2013, 2017 na 2022. Usiishie kwenye orodha ya waliochaguliwa: wateule wa vyama, wakiwemo wanaoongezwa ili jinsia moja isizidi theluthi mbili, hutangazwa katika tangazo tofauti. Wengi hukosea hapo, wakapata bunge la watu 85 tu. Kiti cha mteule kikibaki wazi hujazwa kutoka orodha ya chama kilekile bila uchaguzi mdogo, kwa hiyo mfuatilie kwa jina.

Kabla ya 2013 ni kazi ngumu mno. Madiwani walimchagua meya wenyewe, na wadi za zamani hazilingani na za leo. Usizioanishe kwa majina. Kati ya 1983 na 1992 jiji liliendeshwa na Tume iliyoteuliwa na serikali, hivyo usitafute madiwani waliochaguliwa miaka hiyo. Nakala nyingi za zamani ni picha za karatasi zilizofifia: tafuta kwa tarehe, kwani kutafuta kwa jina hukosa mengi.