Kijitabu cha unabii cha shilingi elfu saba: nakipa nyota mbili

Nyota mbili kati ya tano, na zote mbili ni za karatasi. Mimi nina steshonari Mlandege, hapa Unguja, kazi yangu kudurufu na kubana vitabu, basi naanza na ninachokijua: jalada gumu lenye picha ya Bikira Maria, rangi imekaa, pini za mgongoni hazijachomoza. Kwa bei hiyo si haba. Nilikinunua bandarini Malindi kwa muuzaji wa mkononi aliyeshuka na boti.

Shida inaanza ukurasa wa pili. Vitabu vya dini tulivyokulia navyo, vile vya misheni za Ndanda na Peramiho, ukivifungua unakuta mchapaji ni nani na askofu gani ameruhusu. Humu hamna mwandishi, hamna mchapaji, hamna mji. Kuna mistari miwili tu, kwamba tangu 1966 Papa Paulo VI aliruhusu maandishi ya maono yachapwe bila idhini. Ni kweli nusu. Agizo la mwaka ule liliondoa kanuni za zamani zilizokataza vitabu vya namna hiyo. Halikusema kila kinachochapwa ni cha kweli. Mashine ya kudurufu ninayo, haikatai kitu.

Kisha kila kitu kimepangwa sawasawa. Maono ya Bikira Maria ya Lourdes, Ufaransa, ya 1858, ambayo askofu wa Tarbes aliyachunguza na kuyakubali 1862, yamekaa ukurasa mmoja na ya Garabandal ya Hispania, ambayo maaskofu wa Santander hawakuyakubali kuwa yametoka mbinguni. Kibeho ya Rwanda ndiyo iliyoniudhi zaidi. Kule walijitokeza wengi wakidai wameona. Askofu Augustin Misago alipotoa uamuzi wake tarehe 29 Juni 2001, karibu miaka ishirini tangu maono yaanze, aliwakubali watatu tu: Alphonsine, Nathalie na Marie Claire. Kijitabu kinamnukuu "mtoto wa Kibeho". Mtoto yupi?

Medjugorje ya Bosnia nayo imeandikwa "Vatikani imethibitisha". La. Septemba 2024 Vatikani ilisema hakuna kizuizi kwa waumini kwenda kusali kule, na ikaeleza wazi kwamba haihukumu kama maono yenyewe ni ya kweli.

Ya Mtakatifu Malaki wa Ireland, anayedaiwa kutabiri mapapa kwa mafumbo, inachekesha. Yeye alifariki 1148, orodha ya mapapa 112 inayobebeshwa jina lake ikachapwa mara ya kwanza 1595, na mafumbo yake yanalenga barabara mpaka karibu na miaka hiyo, baada ya hapo yanapapasa. Wanaoihesabu walimfikisha Papa Fransisko kuwa wa mwisho. Sasa tuna Leo XIV, na dunia ingalipo.

Mzee wa duka jirani, Mwislamu aliyesoma chuo cha Kurani, alikipitia akisubiri fotokopi ya kitambulisho chake. "Mwanangu, kwani kwenu wahyi haujakwisha?"

"Umekwisha, mzee wangu, na mitume. Haya mengine hata Kanisa likiyakubali, Mkatoliki halazimiki kuyasadiki." Nikamsomea Katekisimu namba 67: kazi ya mafunuo binafsi, yaani maono kama haya, si kuongeza wala kukamilisha ufunuo wa Kristo, bali kuwasaidia watu kuuishi zaidi katika kipindi fulani.

"Basi mbona hiki kinaamrisha?"

Na kweli kinaamrisha. Kurasa za mwisho ni siku tatu za giza, ambapo eti taa zote zitakataa isipokuwa mishumaa ya nta iliyobarikiwa. Muuzaji alikuwa nayo mfukoni, bei mbali. Sikununua, hapa mjini umeme ukikatika tunawasha mshumaa wowote.

Mwenye hamu ya mambo haya atapata karatasi nzuri na picha nzuri, lakini kila jina aliulizie: askofu gani, mwaka gani, alisema nini hasa. Mama mmoja wa jumuiya yetu ameniletea nakala yake nimtolee nyingine za kugawa. Nimemwambia akionyeshe kwanza kwa paroko pale kanisa la Minara Miwili; akikubali, bei yangu ni ile ile.