Kind of Blue, toleo la 1997: upande wa kwanza umerudi mahali pake

Kama unapiga saksafoni na unataka nakala moja tu ya Kind of Blue, albamu ya jazi ya Miles Davis, nunua sidii ya 1997. Santuri za zamani waachie wanaokusanya, hasa kama nia yako ni kufanya mazoezi ukiifuatisha.

Tatizo liko upande wa kwanza. So What, Freddie Freeloader na Blue in Green zilirekodiwa 2 Machi 1959 kwenye studio ya Columbia ya 30th Street, New York, jengo lililowahi kuwa kanisa. Siku hiyo mashine kuu ya kurekodi ilizungusha mkanda polepole kuliko inavyotakiwa. Mkanda wa namna hiyo ukichezwa kwa mwendo wa kawaida, muziki unakimbia na sauti inapanda. Kupanda kwenyewe hakufiki nusu toni, yaani umbali wa ufunguo mmoja wa kinanda hadi wa jirani yake, na hapo ndipo penye mateso: noti haiangukii D wala E bemoli inayoifuata. Ukisukuma mdomo wa saksafoni ndani zaidi ili uifikie santuri, noti za juu zinapanda kuliko za chini, na oktavu hazipatani tena.

Sasa geuza santuri. All Blues na Flamenco Sketches zinakaa sawa na kinanda, kwa sababu ni za 22 Aprili na hazina kasoro hiyo. Hili linanifurahisha kuliko yote: hata usiposoma tarehe popote, sikio zuri na kinanda kilichotyuniwa vinatosha kukufanya ushuku kwamba pande hizi mbili hazikurekodiwa siku moja.

Bahati nzuri studio ilikuwa imewasha mashine mbili, na ile ya akiba ilikwenda kwa mwendo sahihi. Mikanda yake ilipoanza kutumika miaka ya 1990, John Coltrane akarudi kwenye sauti yake. Nasema sauti, si noti peke yake. Kwenye santuri saksafoni yake ya tena imekonda kidogo. Kwenye sidii hii ina kifua, na saksafoni ya alto ya Cannonball Adderley unaitenga nayo bila kukaza sikio. Freddie Freeloader, ambamo Wynton Kelly ndiye yuko kwenye piano, sasa ni bluzi ya B bemoli kweli. Chukua saksafoni yako ya tena, piga C, ambayo kwenye tena husikika kama B bemoli ya piano, mnakutana.

Mwishoni wameongeza Flamenco Sketches nyingine, iliyopigwa kikao kilekile. Ni nzuri sana, ila ningependa ikae kwenye diski yake. Mimi huzima baada ya wimbo wa tano, hiyo ya sita naisikiliza siku nyingine.