Tungule za uani: mwarubaini au dawa ya dukani?

Kwa bustani ya uani hapa Unguja nachagua mwarubaini, ila si kwa kila mdudu. Majani, au bora zaidi mbegu zilizopondwa, hurowekwa usiku kucha, maji yakachujwa na kutiwa sabuni kidogo ili yashike. Hauui papo hapo: humkatisha mdudu hamu ya kula na kumzuia kujivua ngozi. Jua huumaliza nguvu upesi, basi nyunyiza jioni, na mvua ya masika ikiuosha, rudia. Kwa inzi weupe na vidukari watosha.

Kantangaze, nondo mdogo anayeshambulia tungule, ni habari nyingine. Kiwavi wake hula akiwa ndani ya jani, na dawa inayobaki juu haimfikii. Hapo ya dukani inayopenya jani ina faida, ingawa mdudu huyu keshakuwa sugu kwa kadhaa. Nayo ina masharti: siku za kungoja kabla ya kuchuma, na nyingi huua nyuki maua yakiwa wazi. (Watoto wanaochuma tungule na kuzila palepale hawasomi kibandiko.) Una miche minne mitano tu? Yachume majani yenye michirizi, uyachome moto.