Shahada ya usimamizi wa sanaa: uzoefu wangu, kuanzia bajeti hadi mlangoni

Miaka mitatu ya shahada ya kwanza ya usimamizi wa sanaa naipa nyota tatu na nusu kati ya tano. Chuo sikitaji. Anayetaka kuigiza, kucheza ngoma au kuchonga, hapa si pake. Aende TaSUBa, taasisi ya sanaa na utamaduni iliyoko Bagamoyo. Hapa unafundishwa namna ya kumfikisha msanii jukwaani, na kila aliyefanya kazi usiku ule aondoke na chake mkononi.

Somo lililonilipia ada yote ni bajeti ya onyesho, mwaka wa pili. Unapewa ukumbi wa viti 250 na gharama zake: kukodi ukumbi shilingi 600,000, mitambo na fundi sauti 500,000, wasanii 8 kwa 100,000 kila mmoja, matangazo 250,000, vibali, ulinzi na usafi 200,000. Jumla 2,350,000. Ongeza akiba ya dharura asilimia 10, inakuwa 2,585,000. Kiingilio ni 15,000, ila kila tiketi inatoa 1,000 ya uchapishaji na kamisheni ya muuzaji, kwa hiyo kinachobaki ni 14,000. Gawanya: tiketi 185 zinarudisha gharama. Darasa zima linafurahi, viti 65 faida tupu!

Hapo ndipo mhadhiri anapouliza kuhusu mialiko. Wadhamini, waandishi wa habari, maofisa, ndugu za wasanii: 30. Vya kuuza vimebaki 220. Halafu mazoezi. Wasanii 8, siku 10, nauli 5,000 kwa siku, ni 400,000 ambayo hakuna aliyeiandika. Ukiiongeza pamoja na akiba yake, unahitaji kuuza tiketi 217 kati ya 220. Onyesho hilo halifanyiki. Ama unapandisha kiingilio, ama unatafuta mdhamini kabla ya kuchapa bango, ama unahamia ukumbi wa bei nafuu. Karibu kila bajeti mbovu ya wanafunzi ina kasoro hizo mbili: mapato yamepigwa kwa ukumbi uliojaa, na mazoezi yamehesabiwa kama vile ni bure.

Usimamizi wa mlangoni nao umefundishwa vizuri, ingawa unakaa kwenye muhtasari kwa mstari mmoja tu. Tiketi ziwe na namba mfululizo. Anayeuza asiwe ndiye anayechana, na vishina vyote, yaani vipande vinavyobaki tiketi ikichanwa, virudi. Usiku unafunga hesabu hivi: zilizochapwa, toa zilizorudi bila kuuzwa, toa mialiko, zidisha kwa kiingilio, kiasi hicho kilingane na fedha taslimu pamoja na zilizoingia kwa simu. Watu wawili wahesabu, wote wawili wasaini. Hesabu huharibika saa sita usiku, fundi anapodai chake na mtu anachomoa noti kwenye boksi la mlangoni bila kuandika. Kesho yake kishina kinasema hivi, boksi linasema vile, na hakuna mwizi.

Mikataba: nzuri. Saa ya kujaribu mitambo, dakika za jukwaani, nauli na malazi, nani anabeba hasara mvua ikinyesha, nani ana haki ya kurekodi video. Mstari unaosahaulika ni kodi ya zuio, ile ambayo mlipaji huikata kwenye malipo kabla ya kumkabidhi msanii chake. Mkataba usiposema kama malipo yaliyotajwa ni kabla au baada ya kodi, mtagombana siku ya kulipana, na kila upande utaamini una haki. Hakimiliki imepitiwa kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999, na tofauti kati ya haki ya mtunzi na ya mwenye rekodi imeelezwa hadi ikaeleweka.

Nyota moja na nusu imepotelea kwenye nadharia. Muhula mzima unazungumzia majumba ya maonyesho ya Marekani na Uingereza yenye bodi, wanachama wanaolipa kila mwaka na mifuko ya akiba. Kwetu fedha inatoka mlangoni, kwa kampuni za simu na vinywaji, au kwa balozi. Mfano wa nyumbani upo: Sauti za Busara, tamasha la muziki lililoanza Zanzibar mwaka 2004, halikufanyika mwaka 2016 kwa kukosa fedha, likarudi 2017. Tamasha lenye jina kubwa kiasi hicho lingetosha kuwa somo la wiki tatu juu ya kumtegemea mfadhili. Lilipewa dakika kumi.

Nadharia niliyoondoka nayo ni ile ya wachumi Baumol na Bowen ya mwaka 1966: kiwanda hupunguza watu kwa kununua mashine, muziki wa jukwaani haupunguzi. Wimbo wa Nadi Ikhwan Safaa, kikundi cha taarabu kilichoanza Zanzibar mwaka 1905, leo bado unataka mpiga udi, mpiga ganuni na wapiga fidla, na huwezi kuupiga kwa kasi maradufu ili uokoe mishahara. Mishahara ikipanda kwingine, wasanii nao hudai nyongeza. Ndiyo maana bajeti ya sanaa hupanda kila mwaka hata kama hakuna aliyefuja.

Mafunzo kwa vitendo, wiki 8, yanategemea unakopelekwa. Ukiangukia ofisi ya kupokea barua, utapokea barua. Jitafutie mwenyewe nafasi kwenye tamasha au ukumbi wenye onyesho ndani ya wiki hizo, na uombe kukaa mlangoni badala ya nyuma ya jukwaa na wasanii.

Kabla ya kulipa ada, uliza kama onyesho la mwaka wa mwisho lina fedha halisi au za kwenye karatasi, na nani anasaini malipo. Ukijibiwa kwamba kiingilio ni bure kwa sababu ni la chuo, somo la mlangoni hutalipata.