Ukindu mweupe nunua, wa rangi uache: kibanda cha ukindu cha Darajani

Nianze na la maana, kwa vile najua wengi mnasoma mistari miwili ya juu mkaenda zenu: ukindu mweupe wa kibanda hiki, yaani majani ya mkindu ya kusukia, ni mzuri, nunueni. Ule uliokwishatiwa rangi uacheni hapo hapo ulipo. Mwenye haraka anaweza kuishia hapa.

Kibanda kipo Darajani, mjini Unguja, kwenye vichochoro vya nyuma ya Marikiti Kuu, ile ya mwaka 1904, ukishawapita wauza viungo. Hakina kibao cha jina. Utakijua kwa vipepeo vya kupepea vilivyotundikwa mlangoni na vicha vya ukindu vilivyoegemezwa ukutani. Anayeuza ni bibi mtu mzima, hana maneno mengi. Unamwamkia, anakuitikia "Marahaba mwanangu," kisha anarudi kwenye ukili wake, ule utepe wa ukindu anaousuka. Unagusa, unafungua, unanusa, hakusemeshi mpaka umuulize. Kwa sisi tuliochoshwa na maduka ambayo ukishika kitu tu kimeshatiwa mfukoni, hiyo ni raha.

Mie ni mwalimu wa skuli. Jumatatu hadi Ijumaa ni madaftari, Jumamosi ni kufua na harusi za watu. Jumapili baada ya chai ndiyo yangu. Wifi yangu huja na mkoba wake, tunakaa barazani tunasuka: kawa ndogo za kufunikia chakula, vipepeo, viduara vya kuwekea vikombe. Hatuuzi. Kwa hiyo nisichukuliwe kama fundi wa mikeka anayehesabu pima za ukili apate riziki yake. Ninachotaka ni kitu kimoja, Jumapili yangu isiishie kwenye kugombana na jani bovu.

Na jani bovu ndilo lililojaa mjini. Ukindu mzuri hukatwa ungali mchanga, kabla kuti halijafunguka, ukaanikwa juani mpaka ukageuka rangi na kuwa karibu na mweupe. Ukikatwa umeshakomaa unakuwa mgumu, unavunjika ukiukunja, na ukili wake hauwi laini hata ukiusugua vipi. Kwingine nimeuziwa vicha ambavyo juu ni ukindu mchanga na katikati wamechomeka uliokomaa, kama muuza mchicha anavyoficha majani ya njano ndani ya fungu. Hapa sijaliona hilo. Kicha ni cha namna moja juu hadi chini, majani marefu, miiba imeshatolewa. Bibi anasema unatoka Pemba, na mie sina sababu ya kubisha, kwani vicha vya namna hiyo nishaviona vikishushwa bandarini Malindi pamoja na mizigo ya watu. Kicha kimoja nimenunua kwa shilingi 3,000, na kawa ya kufunikia sahani inatoka humo na ziada.

Ukichana vizuri, chane zake, vile vipande vyembamba vya jani, zinalingana. Hili ni muhimu kuliko linavyosikika. Ukili hupotoka pale ambapo chane moja ni nene na mwenzake nyembamba. Unasuka unaona umenyooka, ukianza kuushona kwa mzunguko kawa inalala upande. Na unapofika mwisho wa chane ukachomeka nyingine, ile mpya ikiwa sawa na ya zamani, kiungo hakionekani mbele. Kinabaki kimkia tu cha nyuma, utakipunguza kwa mkasi mwishoni. Kwa ukindu wa hapa mikia yangu imekuwa midogo, wifi mwenyewe kakiri, na wifi si mtu wa kunisifia.

Kasoro moja ya huo mweupe: wakati wa masika usinunue bila kunusa. Kibanda ni kidogo, hewa haipiti, na mvua za Machi hadi Mei zikishika, vicha vya chini vinavunda. Harufu yake haijifichi. Ukivikuta hivyo omba vya juu, bibi hakatai. Ukishafika navyo nyumbani vianike hata kama vinaonekana vikavu.

Sasa ule wa rangi.

Kicha ni shilingi 5,000, na kwa macho unapendeza mno: mwekundu, kijani, zambarau, rangi za sikukuu. Nikanunua mwekundu na kijani, nikasuka kawa ya milia, nikaishona Jumapili nzima. Umbo likatoka zuri. Jioni nikafunikia mkate wa kumimina uliotoka jikoni sasa hivi. Mvuke ukapanda, ukagonga ndani ya kawa, ukarudi chini matone. Nilipofunua, mkate wangu mweupe una madoa ya waridi kote, na pembezoni mstari wa kijani. Watoto wakafurahi, wakaona ni mapambo. Mie nikaikata ile sehemu ya juu yote, maana hiyo ni rangi ya dukani, haikutengenezwa ili iliwe.

Chanzo chake utakiona mwenyewe ukikifungua kicha. Pale kilipofungwa kamba, ndani kuna pete nyeupe ambayo rangi haikufika kabisa. Maana yake kimechemshwa kikiwa kimefungwa, na kimetolewa sufuriani kikaanikwa hivyo hivyo bila kusuuzwa. Sehemu moja haikupata rangi na nyingine imebeba rangi ya ziada ambayo haikuingia ndani ya jani, imekaa juu tu inangoja maji. Ukitaka kuhakikisha ukiwa bado dukani, chukua kitambaa cheupe, kilowanishe, bana jani moja uvute. Kitambaa kikirudi na mstari mwekundu, rudisha kicha.

Nilimwambia bibi. Hakukasirika. "Mwanangu, huo ni wa vipepeo na mapambo ya ukutani. Wa kufunikia chakula watu hutia rangi wenyewe." Jibu la haki, ila lingekuwa zuri zaidi kama lingekuja kabla sijalipa, na kule mlangoni, katikati ya vipepeo, kawa za rangi zile zile zimetundikwa.

Basi tia rangi mwenyewe, ndiyo ninavyofanya sasa, na ukweli ni kwamba imekuwa ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko kusuka. Rangi ya unga anayo hapo hapo, pakiti shilingi 1,000. Tenga sufuria kongwe ambayo haitarudi kwenye chakula. Maji yachemke, rangi iyeyuke kwanza, ukindu uingie ukiwa umefunguliwa na kutawanywa, ugeuzegeuze kwa mti mpaka jani likolee pande zote. Halafu kazi ile ambayo kibanda hakiifanyi: suuza kwa maji baridi, mwaga, suuza tena, mpaka maji yatoke meupe. Anika kivulini. Ukindu wangu mwekundu wa sasa nimeubana kwenye kitambaa chenye maji na hakikuguswa na rangi. Hata hivyo kawa za chakula siku hizi nazisuka nyeupe tupu ndani, rangi naiweka ukingoni ambako mvuke haufiki.

Wenye subira wanaweza kuacha unga wakatumia mimea, na kwa Unguja hatuna udhuru. Manjano yanatoa njano ya kuvutia sana, ila haistahimili jua. Kipepeo changu cha dirishani kimebaki na kumbukumbu tu ya njano. Mbegu za mzingefuri zinatoa rangi ya chungwa iliyotulia, nayo hufifia, si haraka hivyo. Nyeusi ya zamani ilitoka kwenye mizizi ya mdaa, na hiyo niliiulizia. Bibi akatikisa kichwa: haulizwi tena, kila mtu anataka pakiti. Kwa kibanda cha ukindu kutokuwa na mdaa mimi nakihesabia upungufu, ingawa najua biashara ni biashara.

Vitu vidogo. Shazia, sindano za kushonea ukili, anazo, shilingi 1,000, tundu kubwa, ncha si kali sana hivyo haipasui chane, nzuri. Ukili uliokwishasukwa pia anauza kwa pima, kwa wanaotaka kushona tu. Mwembamba, umebana, umesukwa na mtu anayejua. Vikapu vilivyopangwa chini msivinunue kwa kudhani ni vya hapa. Vingi ni vya Iringa, vya milulu, kazi nzuri sana ya watu wa huko, lakini bei ya hapa ina nauli ya boti ndani yake.

Jambo la mwisho kwa anayeanza, kwa sababu bibi hatakwambia: ukindu hulainishwa kidogo kabla ya kusuka, haurowekwi. Nyunyiza maji, zungushia kitambaa kibichi, ngoja wakati ukichana nyingine. Ukiuloweka ukavimba, utasuka ukili uliobana vizuri, ukauke, usinyae, na kesho uone mwanga katikati ya chane.

Nyota nne kwa mweupe, moja kwa wa rangi. Jumapili kibanda hufungwa mapema, adhuhuri huna uhakika wa kumkuta, kwa hiyo nenda Jumamosi jioni. Chukua noti ndogo ndogo. Chenji kwake ni tabu, na ukimpa elfu kumi kwa kicha kimoja atakuongezea cha pili badala ya kukurudishia.