Msosi wa Kithai mtaani kwetu: tui limekatika ila bakuli limerudi tupu

Huu mgahawa uko mtaa wa pili tu kutoka kwangu, huku Mikocheni, na zaidi ya mwaka nimekuwa napita na bajaji nasoma bango lao nasema ipo siku. Ijumaa mshahara umeingia nikawavuta watu watatu: dada mmoja wa Tanga ambaye kwa mambo ya nazi usijaribu kubishana naye, jamaa wa ofisini anayeamini chakula ni ugali na nyama choma basi, na mdogo wangu anayekula chochote ilimradi analipa mwingine.

Tukaagiza vitu vinne tuweke katikati, kila mtu na wali wake anachota, na Wathai wenyewe ndo wanavyokula hivyo. Jamaa akaomba vijiti apige picha, mhudumu akamwambia kaka, Thailand wali unaliwa kwa kijiko na uma, vijiti labda ungeagiza tambi za supu. Picha ikafa hapo.

Ikaanza tom yum ya kamba. Ni supu chachu, kali, ina mchaichai, majani ya mndimu na kile kimzizi kama tangawizi lakini chenye harufu ya dawadawa hivi. Sasa hayo mazagazaga hayatafunwi jamani, ni kama mdalasini kwenye pilau, unasogeza pembeni. Mdogo wangu alitafuna mchaichai dakika mbili nzima anaona aibu kutema. Na tulisema kabisa pilipili iwe ya wastani! Mhudumu anatuambia hizi ndo zile ndogo mnaziita pilipili kichaa, kwao jina lake maana yake mavi ya panya, kwa vile vinafanana umbo. Anatuambia tukiwa tushakula nusu bakuli, kamasi zinatutoka.

Halafu ikaja kari ya kijani ya kuku, na hapa ndo palikuwa na sinema. Dada wa Tanga kachungulia bakuli, kaona mafuta yanaelea juu kijani kijani, kaweka kijiko chini. "Hili tui limekatika." Mnajua kwa watu wa pwani hiyo ni kesi, mtu anakaa jikoni anakoroga na kukoroga ili tui lisikatike, likikatika wageni wataongea mpaka arobaini. Akamwita mhudumu, kaka samahani, huko jikoni nani alikuwa anakoroga? Akatoka mpishi mwenyewe, mama wa Kithai, Kiswahili chake cha kuungaunga ila anaeleweka, akasema hapana dada, sisi tunataka likatike. Yaani wanachemsha tui zito makusudi mpaka litoe mafuta, halafu zile pilipili za kijani zilizotwangwa na viungo vyake zinakaangwa kwenye hayo mafuta ya nazi, ndo linafuata tui jepesi na kuku. Dada kanyamaza. Kaonja. Kaonja tena. Mwishoni alikuwa anapangusia bakuli kwa wali, na mpaka leo hajakubali kwamba alikosea.

Ila mfalme wa meza ni massaman ya ng'ombe, kari nyingine hiyo, aisee. Iliki, karafuu, mdalasini, ukwaju, karanga, viazi, nyama imeiva inaachia yenyewe. Inahusishwa na Waislamu wa kule na ukiinusa unaelewa, ni kama umepita nje ya nyumba yenye harusi Zanzibar. Haichomi kabisa, kwa hiyo kama una mzee au mtoto agiza hii. Dada aliulizia kwanza habari ya kitimoto, mhudumu akaenda jikoni akarudi na jibu la kila sahani, hapo nawapa maksi.

Pad thai sasa, hapana. Imekuja dakika arobaini baada ya vingine, sisi tushamaliza tunaangaliana, tambi zimegandana donge moja, sukari mpaka meno yanauma, ukwaju nimeutafuta sijauona. Elfu 24 hiyo. Na kingine kilichonikera ni wali kulipiwa mbali, 5,000 kibakuli ambacho mimi nakimaliza kwa vijiko sita, kwa hiyo hesabu uliyopiga kwenye menyu sio utakayolipa. Watu wanne tumetoka na kama 140,000 na tulikunywa maji tu.

Tulimalizia na embe na wali wa kunata, umemwagiwa tui lenye chumvi kidogo. Mdogo wangu akasema huu ni wali wa nazi umepotea njia, huku anavuta sahani upande wake.

Nitarudi, kwa massaman na ile kari, na wali nitaulizia bei kabla sijakaa. Jamaa wa nyama choma alifungiwa mabaki akaondoka nayo, na Jumatatu saa mbili asubuhi hata salamu hajatoa ananiuliza ule mchuzi wa viazi unaitwaje vile.